Matope Yaliyouokoa Mji wa Pruitt Ferry

Jumatano, 18 Machi

"Jeshi la Kaskazini lilipofika Pruitt Ferry, jemadari alivua kofia, akasema mji huu ni mzuri mno, hauwezi kuchomwa." Hivyo ndivyo anavyoandika Hollis Tarpley, mwenyekiti wa Ziara ya Nyumba za Kale, katika kijitabu cha wageni. Uongo mtupu. Kutoka hapa Birmingham hadi kwake kuna miji kadhaa inayosimulia kisa hicho hicho, kofia ikiwemo. Askari mwenye malengelenge miguuni hasimami kusifu nguzo za majumba. Nimesoma kila kitabu cha vita vile vya Kaskazini na Kusini, vya enzi za utumwa. Pruitt Ferry haikuchomwa kwa sababu jeshi halikufika. Barabara ya Mtoni, njia pekee ya kuingilia mjini wakati ule, haipitiki masika. Kwisha.

Mke wangu Maurine ni mzaliwa wa huko. Wikendi hii nyumba ya shangazi yake, Ouida, inarudi kwenye ziara baada ya miaka mingi. Maurine atasimama mlangoni kupokea wageni, amevaa gauni la marehemu mama yake, lile la sketi pana linaloshikiliwa na fremu ya pete za chuma. Amelingoja jambo hili tangu msiba. Ameniapisha nisibishane na mtu.

Nimeapa. Kupima barabara si kubishana.

Alhamisi, 19 Machi

Mpango umekamilika. Maurine anatangulia kesho na dada yake kwenda kung'arisha vijiko vya fedha. Gari la dada ni dogo, fremu haiingii. Nimejitolea kuleta gauni na fremu Jumamosi kwa pikapu yangu. Maurine alinitazama muda mrefu, kisha akashukuru.

Nitapita Barabara ya Mtoni. Pikapu yenye nguvu kwenye magurudumu yote ikikwama, mizinga iliyovutwa na nyumbu ingepitaje? Tarpley atajibu nini?

Maurine ameniuliza, kama lazima nigombane, mbona nisigombanie matofali. Kijitabu kimejaa habari za nguzo, na hakina hata sentensi moja juu ya watumwa waliofyatua matofali ya nyumba zile. Amesema hilo ndilo la kumtoa mtu jasho. Nimekiri kwamba hoja ni nzito. Itapata zamu yake. Kwanza matope.

Ijumaa, 20 Machi

Maurine kaondoka. Maneno yake ya mwisho akiwa dirishani: "Delmar, barabara kuu. Mlango unafunguliwa saa nne. Barabara kuu, umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Mashaka: haijanyesha wiki nzima. Barabara kavu ingenivurugia hoja.

Jioni: mvua kubwa. Sijawahi kuwa mtu wa kanisani sana, ila nimeguswa.

Jumamosi, 21 Machi

Ushindi. Nilikwama kabla hata ya kufika kwenye kijito kinachokatiza barabara. Tope hadi ekseli. Nikashuka, nikapiga picha kila upande, nikasimama pale nimeridhika kabisa.

Halafu nikatazama saa.

Sikuwa na ubao wala jiwe la kuweka chini ya tairi. Kulikuwa na fremu. Chuma, imara, pana. Mtu yeyote mwenye akili angefikiri hivyo hivyo. Tairi liliitafuna na kuitema vipande vipande. Gauni lenyewe lilibaki salama, isipokuwa pale nilipofutia mikono.

Ikaja trekta. Juu yake, Tarpley, na koti lake la ziara la vifungo vya shaba. Akanisalimu kwa adabu zote, kisha akasema Maurine ndiye aliyemtuma. "Kasema nisisumbuke kukutafuta barabara kuu, Bwana Sikes."

Nikamwambia ajionee mwenyewe, hakuna jeshi ambalo lingepita hapa. Akacheka. "Kwani nani asiyejua? Bibi yangu alikuwa akisema waligeuzia pale kijitoni, wakatukana hadi jua likazama. Sasa niambie wewe msomi, nani atatoka Atlanta kuja kuutazama mji uliookolewa na tope?"

Amekiri! Nikatoa simu, nikamwomba arudie ili nirekodi. Akasema, "Maskini ndugu yangu, Mungu akusaidie," akaendelea kufunga mnyororo.

Tulifika karibu saa sita. Maurine alikuwa mlangoni kwa suruali ya safari na aproni ya Shangazi. Wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao, sketi zimefura kama kengele. Nikamkabidhi gauni. Akaona alama za vidole. Akaona mabaki ya fremu. Nikamweleza kwamba Tarpley amekiri kila kitu. Akawageukia wageni kutoka Ohio, akawaambia karibuni ndani, futeni miguu.

Shangazi Ouida akanishika mkono. Akasema, "Wewe mwanangu njoo jikoni. Kuna mayai ya wageni, ya kuchemsha, ya kupasua na kujaza viini vilivyopondwa. Ukimaliza, jaza tena."

Kupitia dirisha la jikoni niliwaeleza wageni wawili habari za matope. Wakaniuliza choo kiko wapi.

Jumapili, 22 Machi

Nimerudi Birmingham peke yangu. Maurine anabaki hadi wikendi ijayo, siku ya mwisho ya ziara. Mke wa Tarpley amemwazima fremu, na Shangazi ameloweka gauni. Kwa hiyo siku yake mlangoni ipo bado, Jumamosi.

Kamati imeniomba nisije. Wananiogopa, hilo liko wazi.

Maurine kapiga simu. Sauti ya kawaida tu. Kasema ana ombi moja: nisiandike kitu gazetini kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo niandike nitakavyo, hata kitabu. Nikamwambia nitalifikiria, na nimelifikiria kwa dhati, kuanzia chakula cha mchana hadi chai. Lakini baada ya Jumamosi wageni watakuwa wameondoka. Ukweli utamfaa nani?

Barua imekwenda gazetini. Itatoka Ijumaa, na inaishia hivi:

"Ninyi mliokata tiketi za Pruitt Ferry kwa Jumamosi hii, nadai jambo moja kwenu. Mtakapofika kwenye kila mlango, na mwanamke mwenye sketi pana akawakaribisha, msiingie. Muulizeni kwanza jeshi lilipita barabara gani. Simameni hapo hapo hadi ajibu. Akiwa ni mke wangu, muulizeni hivyo hivyo."