Galaksi Iitwayo Amondi

Jumatatu, 5 Mei
Nimeropoka tena. Jana babake Amondi, Mzee Sylvance, aliniuliza nimefanya nini duniani hata nitake kumwoa bintiye. Nikajibu duniani bado, ila mbinguni nakaribia kuvumbua galaksi, na itaitwa Amondi. Akasema nirudi Jumapili niionyeshe, la sivyo nisirudi kabisa. Sasa lazima ipatikane. Wanasayansi wameweka mtandaoni picha za makundi ya galaksi yaliyo jirani na letu, nasi wa kujitolea tunatafuta galaksi vibete: madoa ya mwanga, hafifu mno. Jirani yangu Deeqa, muuza vitambaa, keshapata moja. Wala hajigambi. Inaniuma.

Jumatano, 7 Mei
Nimepata! Doa la mviringo, hafifu, juu kulia. Nikafungua picha nyingine: lipo. Nyingine tena: lipo. Huu ni ukoo mzima. Nimezituma zote. Deeqa alichungulia akauliza, "Sasa Frankline, hii nailoni ya dukani bado iko kwa laptopu ya nini?" Wivu tu. Nikiitoa, nitaiuzaje kama mpya? Rimoti ya mamangu bado imo ndani ya nailoni, na televisheni yenyewe ilishakufa.

Ijumaa, 9 Mei
Wanasayansi wamejibu, kwa heshima. Kila picha ni ya sehemu tofauti ya anga, lakini galaksi zangu zote zimekaa kona ileile. Je, nimekagua kioo? Deeqa hakungoja. Alishika ncha ya nailoni iliyofunika kioo akaivuta, na ukoo wote ukatoweka. Yalikuwa mapovu ya hewa. Nilikaribia kulia. Nampenda Amondi, na sasa nitampoteza. Deeqa akanishauri nimwambie Mzee ukweli. Nimekubali. Njia ya mwongo ni fupi.

Jumapili, 11 Mei
Nilifika kwa Mzee, mtaani Baba Dogo, ukweli ukiwa mdomoni. Kabla sijautoa, akaagiza picha iwekwe kwenye televisheni kubwa aliyonunua alipostaafu kazi ya reli. Amondi akaunganisha laptopu. Nailoni ya televisheni bado ipo, tena imeshikizwa kwa selotepu isibanduke. Mzee akanyoosha kidole. "Ni hiyo, ama?"
Nikatazama. Hafifu. Ya mviringo. Na pembeni yake, nyingine mbili.
Mzee amekubali tuzungumzie mahari. Nimeshawaandikia wanasayansi kwamba safari hii nimetumia kioo kikubwa zaidi. Deeqa simwaliki. Ana kucha.