Mambo Muhimu kwa Penseli Hafifu

Jumapili, 1 Juni

Mtihani wa Fasihi ya Kiingereza ni Ijumaa. Kitabu sijakisoma. Kurasa mia sita! Huyo Augusta Fennimore angejua kuna watu wana shughuli zao, angeandika kifupi.

Leo tumekula kwa shemeji Clifford, kaka yake mke wangu Noreen. Nyama ya kuoka, viazi, mchuzi na nyodo. Clifford ana shahada, basi hata akikupitishia chumvi lazima aitaje. Akaniuliza mbele ya watu kama kweli mwanamume wa miaka arobaini na tisa anahangaika na masomo ya jioni ili akakae chuo kikuu na watoto. Nikamwambia nafasi ninayo tayari, wanataka daraja B tu. Na kule ghala la mazulia nimeshaacha kazi. Meneja nimempa vidonge vyake, hata vya miaka ya nyuma. Clifford akacheka mpaka akapaliwa. Acheke! Nisipoipata hiyo B sina chuo, sina kazi, na nitaitazama sura hii kila Jumapili mpaka nife.

Njiani Noreen akasema, si ukisome tu hicho kitabu, Cedric? Huyu naye haelewi mambo ya mbinu.

Jumatatu, 2 Juni

Mbinu ni hii. Mtihani huu unaingia na riwaya mkononi. Sharti moja tu: iwe safi, isiandikwe kitu ndani. Sawa. Lakini nina penseli ngumu ya kuchorea ramani, inaandika hafifu mno. Nimenunua kijitabu cha mambo muhimu, nayahamishia yote katikati ya mistari ya riwaya.

Ukurasa wa 40: Fennimore alichapisha kwa jina la mwanamume. Ukurasa wa 41: riwaya zilitoka vipande vipande magazetini, ndiyo maana kila sura inaisha mtu akigonga mlango. Ukurasa wa 52: reli, viwanda, moshi, malkia. Ukurasa wa 60: soneti ina mistari kumi na minne. Riwaya haina soneti hata moja, lakini huwezi kujua.

Shingo inauma. Noreen anasema kwa muda huu ningekuwa nimefika nusu ya kitabu. Nikachonga penseli.

Jumanne, 3 Juni

Darasani. Hilary Ogden kakalia tena kiti changu, kile cha karibu na kipasha joto. Dalali wa nyumba huyu. Riwaya ameisoma mara tatu, ameibandika vikaratasi vya rangi mpaka imevimba. Kiherehere!

Mwalimu Ainsley akauliza kwa nini binti mdogo anamkataa mchumba. Hilary akajitia mwema: hebu leo tumsikie Cedric, yeye huwa kimya. Macho yote kwangu. Nikasema: unafiki wa jamii ya zama zile. Mwalimu akaliandika ubaoni! Naapa, jibu hilo linafaa kwa swali lolote.

Lakini Hilary hakuniudhi bure. Wakati wa mapumziko nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba nina binamu anayesahihisha mitihani, na mwaka huu wanauliza mandhari tu: vilima, mvua, ukungu. Ndoa ilitoka mwaka jana, na kila mtu anajua ya mwaka jana hairudi. Binamu mwenyewe sina. Hilary akanishika mkono, akasema ana bahati kusoma na mtu mwenye roho nzuri, akanipa keki yake ya shayiri. Nikaila. Ilikuwa tamu, na hilo likanikera zaidi.

Nilichelewa kurudi, mashine ya chai ilikuwa imegoma. Nikamkuta mwalimu anamalizia tangazo kuhusu vitabu vya Ijumaa. Sikuuliza. Ni yale yale ya usafi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemaliza! Fasihi yote ya Uingereza imo humu. Maandishi hayaonekani mpaka uinamishe kichwa kushoto, ufumbe jicho moja. Nimefanya mazoezi mchana kutwa. Noreen ameniuliza kama nimepata kiharusi.

Ijumaa, 6 Juni

Nataka kulia.

Ukumbi wa michezo, unanuka raba. Tumekaa, nimeweka kitabu changu mezani kwa heshima zote. Msimamizi, mzee wa viatu vinavyolia, akatangaza: kama mwalimu wenu alivyowaambia Jumanne, vitabu vyenu viwekeni kule mbele, mtatumia vya chuo. Akavuta boksi. Vitabu vipya kabisa! Nikasema changu nimekizoea. Akasema basi nitazoea na kukaa nje. Hilary aliinama akichekea karatasi.

Nikageuza swali. "Jadili mandhari katika riwaya hii." Mandhari! Hilary akaanza kuandika kabla hata sijavuta pumzi. Baadaye akanyoosha mkono kuomba karatasi za ziada. Mara mbili, mbwa yule.

Nifanyeje? Nikaona nitafute vilima mwenyewe. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma. Mwalimu mjane anauza piano ya marehemu mkewe apate kulisha mabinti zake. Piano inatoka nyumbani, na binti mdogo anaendelea kuipiga kila jioni kwa vidole, juu ya meza tupu. Baba anamwona, anasogeza taa karibu naye. Nikasahau mtihani, nikasahau Clifford, nikafika sura ya nne. Mtu anagonga mlango!

Hakuwa mtu. Alikuwa msimamizi, anagonga meza yangu, muda umekwisha. Nilikuwa nimeandika nusu ukurasa. Ulihusu unafiki.

Alhamisi, 14 Agosti

Matokeo. Sikupata daraja lolote, hata la mwisho. Hilary kapata A. Alinikumbatia hadharani, akasema bila binamu yangu asingeweza, na nimpelekee salamu. Chuo kikuu kimeandika kwamba kinasikitika. Nikapita ghalani. Meneja akasema nafasi yangu ina mtu, na maneno yangu anayakumbuka yote. Nimerudi kwa miguu, kwenye mvua. Naichukia fasihi ya Kiingereza.

Jumapili, 17 Agosti

Kwa Clifford. Hakucheka. Alinihurumia! Akanikatia kipande kikubwa cha nyama, akaniambia, kula, shemeji, usijali. Heri angecheka.

Kisha Noreen akatoa lake. Riwaya yangu ameimaliza juzi, pamoja na kwamba penseli ya mpumbavu fulani ilimsumbua macho. Amelia mara tatu. Septemba anajiandikisha darasa la Mwalimu Ainsley, na mimi nikitaka tusome pamoja, jioni, kwa sauti, sura moja moja, tukianzia pale nilipoishia.

Nilimtazama. Nikasema ndiyo, mke wangu, tusome pamoja. Akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Ainsley huwakalisha mume na mke meza jirani, na Noreen huandika herufi kubwa, zinasomeka vizuri kabisa hata kutoka meza ya pili.