Pijo Langu na Udongo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Siketi. Tangu chai ya asubuhi nalizunguka Pijo langu. Jumamosi Muthoki anaolewa. Nimemlea tangu kaka yangu afariki, na gari hili ndilo lililompeleka shule ya bweni siku ya kwanza, sanduku lake limefungwa juu. Nani mwingine ampeleke kanisani? Lakini Mama Kaluki, mwenyekiti wa kamati ya arusi, ametangaza kwamba Ijumaa jioni watakagua magari mawili na kuchagua linalong'aa. La pili ni Datsun ya Nzioka mwenye duka. Nzioka! Mtu ambaye hajasoma chochote isipokuwa kalenda. Amesema mbele ya watu kwamba rangi ya Pijo ina chunusi.

Nimepitisha kiganja. Ina chunusi. Utomvu, vumbi lililogandana, matone ya lami ya barabara ya Mombasa. Sabuni haitoi. Nitamwandikia mhariri wa gazeti kuhusu lami.

Jumanne, 9 Agosti

Sokoni Kitui. Pikapu ya Daud, yule muuza ng'ombe wa Garissa, inang'aa kama kioo cha kinyozi. Nikamdai siri. Akanionyesha kipande cha udongo wa buluu, laini kama unga wa chapati uliokandwa, kimebaki kidogo kama ukucha. Kinatoka Dubai. Unalowesha rangi kwa maji ya sabuni, akasema, unauteleza udongo bila kukandamiza, unaokota uchafu wote. Ukianguka chini unautupa, maana punje moja ya mchanga itachora gari zima. Halafu polishi. Nta mwisho. Mwingine ataletewa mwezi ujao.

Mwezi ujao! Tena Dubai, nchi ya mchanga mtupu! Miaka thelathini ya uhuru na bado tunaletewa udongo kwa meli, sisi tunaoukanyaga kila siku. Barua kwa mhariri imefika ukurasa wa nne. Zile kumi na nne za awali hajazichapa. Anaogopa.

Jumatano, 10 Agosti

Jibu liko ng'ambo ya kijito. Mama mkwe ni mfinyanzi, nyungu zake zinajulikana Matinyani nzima. Nilimwomba mke wangu Ndinda akaniombee donge. Amekataa. Ati udongo wa nyungu ni wa nyungu. Kumwomba mwenyewe haiwezekani. Nthoni ni nthoni: mkwe na mama mkwe hawasemezani, na wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Sisi wawili tumeingia vichakani miaka kumi na tisa.

Nikaenda mwenyewe. Donge lilikuwa nyuma ya ghala, limefunikwa gunia bichi. Nikainua. Nikageuka, huyo hapo na mtungi wake! Akaingia kichakani, kama inavyopasa. Sauti ikatoka humo ikimwambia mbuzi kwamba udongo ule umeshatiwa mchanga. Sina tabia ya kusikiliza mazungumzo ya mbuzi. Nikaenda zangu na donge langu. Mila zetu zina faida ambazo vijana hawazijui.

Alhamisi, 11 Agosti

Kazi tangu alfajiri. Maji ya sabuni, udongo, boneti, paa, milango yote minne. Unakwaruza vizuri, unasikika ukila uchafu. Daud alisema usikandamize, lakini Daud ni mtu wa ng'ombe. Nilikandamiza.

Saa nane gari likakauka. Pete. Pete nyeupe za mikwaruzo juu ya buluu nzito, toka taa hadi buti. Hatua ya polishi bado, nikajiambia. Polishi ikazifanya zionekane. Nta ikazifanya zing'ae.

Ijumaa, 12 Agosti

Kamati imekuja. Nzioka aliuliza kwa upole kama kuku wangu wanalala juu ya boneti. Mama Kaluki akatoa uamuzi. Datsun. Muthoki alifuata pete moja kwa kidole mpaka mwisho, akaingia ndani. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Ndinda akanieleza, huku akipepeta maharagwe, kwamba nyungu isiyo na mchanga hupasuka motoni, na kila msichana wa Matinyani anajua. Mbona hakusema? Akasema mama yake alisema. Mbuzi ni shahidi.

Jumamosi, 13 Agosti

Datsun ilikuja na riboni, Nzioka ameshika mlango. Muthoki akatoka na shela yake, akaupita mlango ule, akaja kuketi ndani ya Pijo. Mama Kaluki akamwita mara mbili, akamkumbusha uamuzi wa kamati. Muthoki akateremsha kioo.

"Mama, hii ndiyo ilinipeleka shule. Hata ingekuwa na ndui, ndiyo yangu." Halafu akaniambia, "Endesha, baba."

Sikuona barabara vizuri hadi darajani. Vumbi.

Tulipofika Kitui, Datsun nyuma yetu ilikuwa nyekundu kama kichuguu. Pijo vilevile. Wageni wa bwana arusi hawakujua lipi ni lipi.

Jumapili, 14 Agosti

Nimetafakari wakati wa mahubiri. Jana pale kanisani hakuna aliyeona mkwaruzo hata mmoja. Kwa hiyo udongo ulifanya kazi. Kosa lilikuwa punje: mchanga mkubwa mno. Nimeleta debe la mchanga wa mto Tiva na ninauchekecha kwa chujio la chai la Ndinda. Unatoka laini kama poda ya mtoto. Hata Dubai hawana.

Baada ya ibada Pasta ameenda mkutanoni mjini Wote kwa basi hadi Alhamisi. Gari lake jipya, jeusi, ameliacha uani kwetu. Ufunguo ninao. Hajui zawadi inayomngoja.

Mama mkwe alikuwa akija kumwona Ndinda. Ameona chujio, ameona gari, ameingia kichakani. Mbuzi anaambiwa jambo refu sana. Mimi sina nafasi, maji ya sabuni yanapoa.