Mwenye Daftari Ndiye Mwenye Foleni

Jumatatu, 4 Agosti
Redio imetangaza: serikali inapandisha ada ya chuo kikuu! Karibu maradufu! Atakayegongewa muhuri wa usajili kabla ya Ijumaa saa kumi jioni atalipa ada ya zamani mpaka amalize. Shangazi, fundi cherehani anayenisomesha, kapiga simu papo hapo. Kasema hiyo mpya hata auze cherehani haiwezi. Nikichelewa nirudi nyumbani nikashone vifungo. Vifungo! Mimi, niliyebakiza mwaka mmoja niwe mhandisi! Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Jumanne, 5 Agosti
Foleni imezunguka jengo mara mbili. Dirisha moja, karani mmoja, na chai yake haiishi. Watu wanashika nafasi kwa matofali na kandambili. Kandambili mbili zimegombaniwa hadi zikakatika. Hapo nikapata akili: foleni inataka daftari! Mbio dukani. Nikaandika sheria ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: majina yataitwa mara tatu kwa siku, asiyeitikia anakatwa, asiyemo hahudumiwi. Wamenipigia makofi! Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani tu, kauliza nani kanichagua. Wivu huo. Nimemwandika wa mia mbili na tatu.

Jumatano, 6 Agosti
Raha iliyoje! Naita jina, mtu anaitika kama askari. Nimeanza kuvaa tai. Karani mwenyewe kaomba aite watu kwa daftari langu. Karani wa serikali! Nimemkata jamaa mmoja aliyekwenda msalani. Kasema tutaonana.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemweleza shangazi kwamba usajili wote nauendesha mimi. Kauliza kama mimi mwenyewe nimesajiliwa. Shangazi naye, kwa maswali madogo madogo!

Ijumaa, 8 Agosti
Saa tisa na nusu karani kaita jina la mwisho. Nikasogea dirishani, tai imenyooka, nikasema nimebaki mimi. Kafunua kurasa zote, taratibu. Kaniuliza niko wapi humu. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Sijajiandika! Watu mia tatu na kumi na wawili, mimi simo! Nikamsihi, akanionyesha ukurasa wa kwanza, ule wino mwekundu. Dirisha likafungwa. Jamaa wa msalani alicheka mpaka akakaa chini. Nimelia, sioni haya kusema. Profesa kanishika mkono hadi chumbani bila kunisimanga hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Redio tena! Serikali imeongeza siku moja, kesho tu, kwa waliokosa! Nimeruka mpaka kitanda kikalia. Shangazi kasema niende nikasimame kama watu wengine, nisishike kalamu. Nimeitikia ndiyo, shangazi. Lakini foleni bila daftari? Si itakuwa vurugu! Nimenunua jipya, jalada gumu. Waliokosa wamekuja mlangoni mchana kutwa, hata yule wa msalani. Nimewaandika wote, themanini na sita, mpaka mstari wa mwisho. Profesa kachungulia, kauliza mimi ni wa ngapi. Nimecheka sana. Daftari ni langu, nani atanisahau?