Cheti cha Kipaimara na Seva ya Sebuleni

Jumatatu, 9 Juni

Upepo wa Singida umetulia leo, nami nimetulia. Nimeketi sebuleni nasikiliza seva yangu ikivuma. Kisanduku cheusi, nilikipata mnadani ofisi fulani ilipofungwa. Kimezeeka, lakini ndicho kinachotunza picha na video zetu zote. Yustina, mke wangu, hukiita birika.

Mama mkwe anakuja kutoka Misigiri, Jumapili tutakuwa naye. Ombi lake ni moja: amwone marehemu mumewe akiimba kwenye sherehe ya kumuaga Yustina. Video hiyo imo ndani ya seva tu. Simu iliyoirekodi ilitumbukia chooni. Yustina kasema niihamishie kwenye flashi, yaishe. Flashi! Mimi naweka programu ya sinema. Mzee atatokea kwenye runinga, jina lake kwa herufi za dhahabu, mama mkwe atalia, atasema kweli Chediel ni mkwe. Nikafumba macho nikayaona yote. Nikaona hadi kibao barabarani: Sinema Singidani.

Nikabonyeza. Programu imegoma kuingia.

Jumanne, 10 Juni

Imegoma tena. Leo nimesoma yale maandishi ya Kiingereza kwa kamusi hadi mwisho. Cheti si halali! Kumbe. Kitu kilichokulia ofisini lazima kidai vyeti. Nikatoa cheti changu cha kipaimara, nikakipiga picha, nikaiweka ndani ya seva. Nimechagua hicho kwa sababu kina muhuri wa askofu. Imegoma.

Jioni kapita Gasto, mwanyumba wangu, aliyemwoa Ritha mdogo wake Yustina. Kaja na spika mpya, kaifunga nyuma ya pikipiki kama mbuzi wa mnadani. Kasema ataileta Jumapili ili mzee asikike vizuri. Nani kamwomba? Kutangulia si kufika.

Alhamisi, 12 Juni

Gasto kachungulia runinga yangu, niliyoiunganisha na seva, bila kualikwa. Kacheka hadi kashika ukuta. Eti programu ina cheti chake chenye tarehe, na seva inaamini tuko Januari 2000! Umeme uliokatika juzijuzi umeisahaulisha kila kitu. Kasema seva yangu haijui hata kama nimeoa. Nikamwambia nilikuwa najua.

Alipoondoka nikarekebisha tarehe. Na saa je? Nikamuuliza Yustina, alikuwa jikoni. Akajibu saa tatu asubuhi. Nikaandika 3, asubuhi. Mimi si mtu wa kubahatisha. Pembeni mwa runinga kikachomoza kimwezi kidogo, cheupe, kizuri. Nimekitazama mpaka chai ikapoa.

Imegoma. Sasa inasema cheti hutolewa upya kila alfajiri, na cha leo hakijaanza kutumika. Hakijaanza! Kipaimara nilikipata nikiwa bado navaa kaptula!

Jumamosi, 14 Juni

Nimegundua kitufe: Futa vyote, anza upya. Maneno matamu. Nikaota seva safi, nyepesi, haina kinyongo na mtu. Kidole kikawa tayari.

Yustina alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono imejaa makapi ya alizeti. Hakufoka. Aliuliza tu kama baba yake naye yumo kwenye hivyo vyote.

Nikaondoa kidole. Sauti ya mzee yule haipo kwingine popote. Niliogopa kweli, na niliona aibu hata ugali ukanishinda. Baadaye niliumaliza.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka misa ya kwanza, mama mkwe kaketi mbele ya runinga na kitenge chake kipya. Kaja na jogoo na asali. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, kwa hofu. Nikabonyeza. Imegoma mbele ya watu! Gasto kaikumbatia spika yake, anatabasamu.

Mama mkwe alikuwa anakitazama kile kimwezi. Akauliza imekuwaje kuna mwezi na jua limetoka. Kama huko ndani bado ni usiku, akasema, basi tumwache mzee alale, maana hakupenda kuamshwa. Moyo ukaniuma.

Yustina akasogea, akasoma: saa tisa usiku. Akaniuliza niliandika nini Alhamisi. Nikasema tatu, si mwenyewe ulisema saa tatu? Akafumba macho kidogo. Kisha akafuta 3, akaandika 9. Kimwezi kikageuka jua. Nikabonyeza, na programu ikaingia bila neno.

Mzee akatokea. Akaimba kwa Kinyiramba, akasahau ubeti wa pili, akacheka. Mama mkwe akauimba yeye ule ubeti, taratibu, akimtazama usoni. Nililia. Gasto naye alilia, nilimwona.

Mwisho mama mkwe akasimama, akamshika Gasto mikono yote miwili na kumshukuru kwa spika. Spika!

Jumanne, 17 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Wote wanasema tatizo lilikuwa saa. Saa haifungui mlango. Kilichofungua ni cheti cha kipaimara, kilichelewa tu kukubaliwa, kama kawaida ya ofisi.

Na kwa nini seva ya nyumba hii ihesabu saa za kigeni? Asubuhi nimeirudishia saa zetu. Kimwezi kimerudi, nimefurahi kukiona. Kisha nikaanza kuweka programu ya pili, ya biashara, kwa ajili ya Sinema Singidani. Harusi zote za mkoa nitazitunza humu.

Imegoma. Cheti hakijaanza kutumika.

Inaeleweka. Biashara kubwa, cheti kikubwa. Yustina kaenda sokoni na flashi yenye wimbo wa baba yake shingoni, kaifunga pamoja na rozari. Tangu Jumapili haivui. Hajui kwamba kesho naenda Nduguti, parokiani tulikofungia ndoa, kuomba nakala ya cheti chetu. Hicho kilianza kutumika siku ileile, na mashahidi wapo.