Ng'ombe Aliyekaa Kitini

Wekeni michi chini, enyi wa Didia na jirani zake, na aliye jikoni apunguze moto, mpate kusikia jinsi Nyamizi, mbeba mtungi asiyeyumba, alivyolizuia jeshi la pembe mia kwa kipande cha karatasi na uji wa muhogo.

Kiangazi cha mwaka hamsini na nne kisima cha mchangani kilibaki kimoja tu, na desturi ilikuwa ng'ombe wa Nkwabi wanywe kwanza, wanawake wafuate. Mitungi ikawa inarudi na tope. Siku ya nne tumbo la mjukuu wa Nyamizi likawa linamwendesha, macho yamemwingia ndani.

Ndipo Pantaleo katekista, simba wa miwani, alipoliinua gazeti na kusoma ukurasa wa maoni: safu mbili ndefu juu ya kutenga maji ya watu na ya mifugo. Jioni tatu aliwasomea watu kanisani. Jioni tatu Nkwabi, bwana wa mikia isiyohesabika, alisinzia kwa adabu.

"Maneno mazuri, Mwalimu," alisema akijinyoosha. "Yanalaza vizuri."

Nyamizi, asiyejua hata herufi moja ya jina lake, akaomba kulitazama gazeti. Katikati ya safu alichorwa ng'ombe kakaa kitini, kakunja nne, anakunywa kwa gilasi. Nyuma yake mwanamke kapiga magoti na mtungi, anangoja.

"Mwalimu, kumbe ndicho ulichokuwa ukisoma?"

"Hilo pambo tu, Mama. Maoni ni haya maandishi."

"Basi baki na maoni. Nipe pambo."

Pantaleo akasita kama jemadari aombwaye upanga, kwani upande wa pili wa picha palikuwa na barua yake mwenyewe, ya kwanza kuchapwa. Kisha akamkumbuka yule mtoto, akashika mkasi.

Alfajiri Nyamizi akalipaka uji mzito gogo la kunyweshea ng'ombe pale kisimani, akaibandika picha, akasimama kando. Vumbi likaja, kwato zikaja, naye Nkwabi mbele. Akainama. Akainama tena.

"Mwangaluka, Baba Limi," alisema Nyamizi, akimwamkia Nkwabi kwa jina la mwanawe.

Nkwabi akaweka kidole juu ya picha. Mtu wa kwao hukosea jina la mkwewe, si pembe ya ng'ombe wake. "Hii ya kushoto, iliyojikunja hadi shavuni. Hili ni dume langu. Nani kawapelekea wa gazeti habari zake?"

Mchoraji, huko mjini, kalamu ilimteleza tu.

"Sijui, Baba. Gazeti linafika mbali. Hadi Mwanza wameshamwona alivyokaa."

Wachungaji wakageuka pembeni, mabega yakitikisika.

"Rudisheni ng'ombe nyuma," alisema Nkwabi polepole. "Kina mama wateke kwanza. Wakija tena watanichora mimi."

Hivyo ndivyo, bila damu, mitungi kumi na saba ilivyopanda njia ya Didia na maji yanayoonyesha vidole, na mtoto akanywa. Dume lilipofikiwa na zamu yake lililamba uji, likala na picha, barua ya Pantaleo ikiwa nyuma ya picha hiyo. Tangu siku hiyo katekista akifungua gazeti, Nkwabi huwa macho kabisa, na huuliza kwanza: "Leo wamechora nani?"