Orodha Yangu ya Vyoo Mbele ya Wazazi wa Gredi ya Sita

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika kwa maandishi, nakala arobaini, zimepigwa stepla vizuri.

Wengi mmekuwa mkiniuliza mbona nimekonda, nami nawajibu ni kazi nyingi. Si kazi. Mwaka jana daktari mmoja kule Homa Bay aliniambia utumbo wangu mpana una uvimbe na vidonda, ugonjwa wa kuishi nao. Unatulia miezi, halafu unaamka bila hodi. Kabla ya hapo nilikuwa nimetibiwa amiba na taifodi mpaka wauza dawa wa Migori wakawa wananiita kwa jina. (Nawaambia sasa kwa sababu wazazi wote wa Gredi ya Sita tayari wanajua. Ngojeni.)

Kilichonisumbua zaidi ni kukosa habari za maana. Nikitafuta kwenye simu, nusu ya kurasa zinataka kuniuzia juisi inayoponya kila kitu hadi kukosa mchumba. Zile nzuri zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu na zinataja vyakula ambavyo sokoni kwetu sijawahi kuviona. Halafu kuna mama yangu, yuko Mbita. Kiingereza hasomi, Kiswahili anasoma, na ameshaamua kwamba mke wangu ananinyima chakula.

Basi nikaamua kuandika mwenyewe. Wiki nyingi nimekaa na daftari. Kila nikienda kliniki namzonga nesi kwa maswali, na mwishoni akanisomea kazi yote na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. (Mwalimu mzima nilipata alama ya vema moja tu.) Zikatoka kurasa nne, nikaziita "Kuishi na Utumbo Wangu."

Kurasa tatu za kwanza ni za heshima. Zinaeleza dalili, kisha zinasema meza dawa hata ukijisikia mzima, mpaka daktari aseme vinginevyo. Andika chakula kinachokusumbua, maana kila mtu ana chake. Ukiona damu nyingi au homa, nenda hospitali, usingoje. Ukurasa wa nne ulikuwa siri yangu, nilipanga kuuchomoa kabla ya kumpelekea mama: vyoo ninavyoviamini kati ya Migori na Homa Bay, pamoja na maoni yangu.

Leo asubuhi nikaenda cyber mjini kuchapisha. Nilikuwa na vitu viwili kwenye flash: ajenda ya mkutano wa wazazi, nakala arobaini, na huo utumbo wangu, nakala moja. Nikiwa katikati ya kumweleza dada wa pale, tumbo likaamka. Nikamwachia flash nikakimbia. Niliporudi bahasha kubwa ilikuwa tayari. Sikuifungua. (Mtu anayefundisha watoto kuipitia kazi yao kabla ya kuikabidhi.)

Mkutano ulianza saa tano darasani. Mbele alikaa Madam, mwalimu mkuu wetu, na kando yake Mzee Okello, mwenyekiti wa wazazi, mstaafu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Karatasi zikapitishwa. Kina mama wawili wakajifunika mdomo kwa leso. Nikadhani ajenda imewagusa.

Mzee Okello akavaa miwani, akasema yeye huanzia ukurasa wa mwisho kwa sababu shule huficha mambo ya michango huko. Akaanza kusoma kwa sauti.

"Awendo, kituo cha mafuta: ufunguo uko kwa askari. Msalimie kwanza hata kama una haraka."

Nikachungulia karatasi ya mzazi aliyekuwa karibu nami.

"Rongo, hoteli ya pili: safi, lakini mlango haufungi. Imba ukiwa ndani."

Nikanyoosha mkono nimnyang'anye. Nilikuwa mbali.

"Choo cha walimu, shuleni: usiingie baada ya chai ya saa nne, Madam akishatoka."

Sikumtazama Madam. Hadi sasa ninapoandika sijamtazama vizuri.

Miguu ilitaka kutoka nje iende hadi mpakani Isebania. Lakini nikafikiria zile wiki na lile daftari, nikaona nikikimbia nitakuwa kama niliyeandika jambo baya. Nikasimama. Nikasema, "Wazazi, hiyo si ajenda, ni ugonjwa wangu. Lakini kila neno humo ni kweli." (Kila neno. Hata lile la Madam. Niligundua nimeshasema.)

Walicheka mpaka watoto wa Gredi ya Pili wakaja dirishani.

Kicheko kilipopungua akasimama Mama Atieno, anayeleta dagaa wa omena kutoka Muhuru Bay. Yeye hakuwa amecheka. Alieleza kwamba ndugu yake ana dalili zote za ukurasa wa kwanza, karibu mwaka hatoki nyumbani kwa kuogopa kukosa choo njiani, na watu wanasema amerogwa. Kisha akauliza polepole, "Mwalimu, hii kitu inaambukiza? Maana tulimtengea sahani yake."

"Haiambukizi, mama," nikamjibu. "Mrudisheni kwenye sahani za nyumbani. Na mpelekeni hospitali apimwe, pengine ni hii, pengine ni nyingine."

Akakunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi, akakaa akiinamisha uso. Hapo hakuna aliyecheka tena. Maswali yakaanza, mazito, na mimi nikajibu ninayoyajua, na nisiyoyajua nikawaambia wamuulize daktari. Nilikuwa nimekolea kabisa tumbo lilipoita. Nikasema samahani. Mzee Okello akasimama, akatandaza mikono kama polisi wa barabarani. "Mpisheni mwalimu!"

Wakagawanyika katikati, viti vikavutwa, wazazi arobaini wakaniangalia nikipita.

Niliporudi nikaomba nakala zangu. Zikarudi chache tu. Madam alibaki na yake. Akasema kurasa tatu za kwanza zitabandikwa ubaoni nje ya ofisi, na huo wa nne tutauzungumza wawili.

Haya, chekeni. Ila kila atakayecheka anitumie choo kimoja anachokiamini kati ya Homa Bay na Mbita. Jumamosi nampelekea mama kurasa zake, na barabara hiyo bado siijui.